Kwa Hiyo ya Nani?

Mwalimu wa falsafa haketi darasani. Huzunguka kati ya madawati, chaki sikioni, suruali imejaa vumbi jeupe. Wenzake wanadai somo lake limekwisha kazi, maana siku hizi insha huandikwa na mashine. Yeye huzipokea hata hizo. Sharti lake ni moja tu, insha isomwe kwa sauti. Msomaji akifika penye “kwa hiyo”, humkatiza: “Hiyo kwa hiyo ni ya nani?” Wengi huirudia sentensi vilevile.

Leo binti wa nyuma alikuwa akisoma insha ya mashine, laini kama hariri, akafika penye “kwa hiyo”, akajikatiza mwenyewe:

“Hapana. Hapa mashine imeruka hatua. Hili halitokani na lile.”

Mwalimu akavuta kiti, akaketi. Akamnyooshea chaki.

“Haya, mwalimu, endelea.”