Asubuhi Mama Aliponyamazia Kwelea

Ndege ambao Wazungu huja kuwapiga picha, mimi nimewatupia mawe tangu sijaanza shule. Hiyo ndiyo elimu yangu ya ndege, sina nyingine. Watu wakinisifu kwamba nina jicho kali, huwa nacheka tu. Jicho litakosaje kuwa kali, wakati kwenu ukichelewa kulitambua kundi moja mnakosa chakula cha mwaka mzima?

Mama ni Mluguru wa Matombo, kwenye migomba na mananasi, lakini mimi nilikulia bondeni, upande wa Kisaki. Alishuka huko enzi za vijiji vya ujamaa, akapewa na serikali ya kijiji kipande cha ardhi kando ya mto. Baba alifariki nikiwa mdogo. Mama akajifunza kulima mpunga kwa kuwatazama wenyeji, na mpunga ndio ulionilea. Hapakuwa na duka, hapakuwa na ng'ombe, hapakuwa na mjomba wa kukimbilia. Shamba likikubali tunakula, likikataa tunaanza kuomba.

Sasa niwaambie kuamia mpunga ni nini, maana wapo wanaodhani ni kupiga kelele ovyo. Mpunga ukishatia maziwa, kila mwenye shamba anajenga dungu, yaani kile kichanja cha miti anachopanda juu yake na kombeo lake na rundo la udongo mkavu wa kurusha. Anakaa pale kuanzia kunapopambazuka mpaka jua linapokuwa kali, kisha anarudi tena alasiri. Wa juu ya mto anapiga ukelele, jirani anaupokea, wa tatu anaupokea, sauti inateremka na mto shamba kwa shamba. Kwelea wakiinuka huku wanataka kutua kule, wakifika kule wanafukuzwa, mpaka wanakata tamaa wanakwenda kula mbegu za nyasi porini. Lakini shamba moja likinyamaza, basi. Wale ndege wanajua kabla ya binadamu, wanamiminika hapo wote. Ndiyo maana kwetu mtu hashuki dunguni hata kwenda haja mpaka amwambie jirani, nipigie na kwangu. Hilo nalijua kuliko ninavyojua kusoma.

Nililikimbia hilo dungu. Nikaenda Morogoro mjini, nikapata kazi kiwanda cha nguo, nikasahau mambo ya kwelea kwa miaka kadhaa. Halafu ikaja ruksa, serikali ikafungua milango ya biashara. Kila kitu ruksa! Marobota ya mitumba yakamwagika sokoni, vitambaa vyetu vikakosa wa kuvinunua, tukaambiwa kiwanda kinatafutiwa mwekezaji na sisi tunapunguzwa. Siku naitwa ofisini kupewa barua yangu, haki ya Mungu, mimi mwenyewe nilikuwa nimevaa shati la mtumba. Fundi wa kufuma nguo! Mpaka leo nikikumbuka nasonya.

Nikazungukia Dar, nikapanda treni iendayo Zambia, nikashuka kwetu na begi moja. Mama alinipokea begi. Alinipakulia wali. Nilikula wali wa mama miezi minane, mwanamume mzima mwenye ndevu.

Ruksa hiyohiyo iliyofunga kiwanda ikaleta kambi ya watalii mtoni kwetu. Mahema, jenereta, boti ya bati yenye injini. Meneja alikuwa Mtanzania mwenzetu, kijana wa Dar, mwepesi wa kucheka na mwepesi wa kufukuza. Akasema anatafuta mtu wa kuwaonyesha wageni ndege. Nikasimama pale uani nikamtajia yangeyange, mdiria, furukombe, fundichuma, hondohondo, nikamwigia na sauti zao mmoja mmoja. Akanipa kazi palepale, pamoja na kitabu cha picha ili nijifunze majina ya Kizungu. Aliponiuliza kwetu ni wapi nikamjibu Morogoro mjini. Sikutaka anione mtu wa dunguni. Ujinga gani huo, sijui.

Kivutio chetu kikubwa kilikuwa ndege waitwao keremkerem. Walikuwa wametoboa vishimo vyao kwenye ukingo wa mto, kwenye udongo mwekundu uliosimama wima, mamia kwa mamia, na asubuhi hutoka kuota jua, koo jekundu, mgongo wa kijani. Wageni wakiwaona hushika vifua. Ukingo wenyewe ulikuwa chini ya shamba la mama.

Siku moja wageni wakalalamika kambini. Walisema pale kwenye keremkerem kuna mwanamke anapiga makelele na kurusha mabonge ya udongo, hawawezi kusikia ndege. Meneja akaniita. "Wewe unaongea vizuri na wanakijiji. Kamtulize yule mama, boti ikiwa pale anyamaze. Watu hawa wametoka mbali." Hapo ningesema, yule ni mama yangu, na anachokilinda ndicho nilichokula. Nikasema, sawa bosi.

Nikamkuta mama anashona kombeo lake kwa kamba ya mkonge. Nikamwamkia, nikazungukazunguka na habari za mvua, mwisho nikasema. "Mama, ukiiona boti yetu, nyamaza kidogo. Tukishakata kona, endelea."

"Na ndege?"

"Tunapita saa nne. Saa nne kwelea washashiba, wako kivulini."

Mama akaendelea kushona. "Nikipiga kelele watakutoa kazini?"

"Wanaweza."

"Basi nitanyamaza," akasema. Nikaondoka nikiwa mwepesi, nikijiona mtu wa akili.

Wiki nzima mambo yalikwenda vizuri. Boti inatokea saa nne, mama ananyamaza, wageni wanapiga picha, tunakata kona, nyuma yetu sauti ya mama inaanza tena. Meneja akanisifu mbele ya wapishi.

Halafu wakaja wageni wanne wapenda ndege hasa, wa darubini na madaftari. Kati yao alikuwamo bibi mmoja mwenye nywele nyeupe na kofia pana, mtu mwema, alinipa mkono kila tulipoonana na aliniuliza majina ya ndege kwa Kiswahili akayaandika. Wakasema saa nne jua limeshaharibu picha, wanataka keremkerem wakiwa wanatoka vishimoni. Jioni ile meneja akatangaza safari itaanza kunapopambazuka. Ningeweza kukimbia mpaka kwa mama kumwambia mapatano yamebadilika. Ni mwendo wa nusu saa. Nilikuwa napiga pasi shati la kambi, nikajiambia hakuna kitakachotokea kwa dakika kumi.

Jua lilikuwa ndiyo kwanza linagusa ukingo tulipofika. Nikazima injini, nikachomeka upondo kwenye matope kuishika boti. Juu yetu mama alikuwa dunguni, kazini, sauti yake imekolea. Akaiona boti. Akakata ukelele katikati.

Ukelele wa juu ya mto ukaja, ukasimama kwa mama. Ukaja tena. Hakuna wa kuupokea. Nikamsikia jirani, mwanamke mwenzake wa siku nyingi, anaita, "We mwenzangu, vipi huko?" Kimya. Mzee wa shamba la chini naye anapiga debe lake kwa nguvu zote, analinda chake, hajui kitu.

Kwelea wakaja. Walitokea upande wa milima, wakajikunja mara moja hewani, wakatua kwenye mpunga wa mama. Sauti ya mbawa zile naijua tangu utoto, hunitoa jasho mpaka leo.

Wageni wakashusha pumzi zote pamoja. Hawakutaka keremkerem tena. Kamera zikalia tu. Mimi nikamtazama mama, na mama alikuwa ananitazama mimi, si ndege. Kombeo lilikuwa mkononi, bonge la udongo ndani yake, mkono umeinuliwa nusu. Alikuwa anangoja nimpe ishara. Ningepiga mluzi mmoja ingetosha. Ningeinua kidole. Upondo ulikuwa mikononi mwangu, na mikono ikabaki kwenye upondo. Niliogopa. Niliogopa kurudi kuwa mtu wa kupakuliwa wali, na kwa woga huo nikauacha wali wenyewe uliwe mbele ya macho yangu.

Yule bibi machozi yalikuwa yanamlengalenga. Akasema hajaona uzuri kama ule tangu azaliwe. Kisha akaniuliza, kwa upole kabisa, mbona yule mama hawafukuzi?

"Anapenda ndege," nikamjibu. "Watu wa huku wanapenda sana ndege."

Akaliandika hilo. Akawasomea wenzake, wote wakageuka kumtazama mama, na yule bibi akampungia mkono. Mama akasita. Akahamishia kombeo mkono wa kushoto, akapunga wa kulia.

Wakaniomba tukae mpaka kundi liondoke lenyewe. Tukakaa. Kundi liliondoka lilipomaliza.

Mchana nikaomba ruhusa, nikaenda shambani. Mashuke jana yake yalikuwa yameinama kwa uzito. Sasa yalikuwa yamesimama wima, mepesi, mengine yamebaki mabua matupu. Mama alikuwa amechuchumaa anaokota punje zilizodondoka, anaziweka kwenye ungo. Jirani yake alikuwa amesimama juu yake, mikono kichwani. "Tulikuita, dada! Tulikuita mpaka tukadhani umeanguka dunguni! Ilikuwaje?"

"Koo lilinikauka," mama akasema.

Jirani akaondoka anatikisa kichwa. Habari hiyo ya koo ndiyo iliyobaki kijijini, na wapo waliomcheka mama kwamba uzee umemshika. Hakuna aliyejua ukweli isipokuwa sisi wawili.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wageni walifurahi?"

"Walifurahi."

"Haya."

Nikapandwa na hasira, na hasira yenyewe, naona haya kusema, nikammwagia yeye. "Si ungepiga kelele tu, mama! Ulikuwa unaona wanakula! Mimi ni nani mpaka unisikilize?"

Hakuinua uso. "Ulisema mpaka mkate kona," akasema. "Hamkukata kona."

Nikachuchumaa nikaokota naye. Tulipata nusu ungo. Alipomaliza kupepeta akaniambia kwamba kesho anakwenda kuamia kwa yule mzee wa shamba la chini, ambaye mke wake anaumwa; mzee atamgawia mpunga kidogo akivuna. Alisema kama mtu anayesema anakwenda kisimani. Mama yangu, ambaye tangu apewe shamba lile hakuwahi kuwa kibarua wa mtu! Nilitaka kumwambia asiende. Nikafikiria tutakula nini kwa mshahara wangu mdogo wa kambi, nikanyamaza.

Kambini walikuwa wananisubiri. Meneja alinikumbatia. Wageni walikuwa wamemwambia kwamba hawajapata kuongozwa vizuri namna ile, na kwamba wanataka kwenda tena asubuhi, kabla ndege yao ya kurudi Dar haijafika. Wanataka pia kumpiga picha ya karibu yule mama anayependa ndege. Meneja akasema huyo mama tumweke kwenye ratiba.

Asubuhi tukatoka tena. Tulipofika ukingoni dungu la mama lilikuwa tupu, na shambani hapakuwa na kitu cha kumfanya ndege atue. Yule bibi akasikitika. Akaniuliza mama yuko wapi, nikasema labda amekwenda sokoni. Kisaki kuna soko gani asubuhi ile? Lakini yeye angejuaje. Keremkerem wakatoka, wakapigwa picha, wageni wakaridhika kiasi, nikawasha injini kuteremka na mto.

Tulipokata kona tukakutana na sauti. Ilitoka juu ya dungu la mzee, kali, nzima, haina dalili yoyote ya koo kukauka. Mabonge ya udongo yalikuwa yanavuma juu ya mpunga, kwelea wanainuka, wanatua, wanainuliwa tena. Pale ukingoni chini ya dungu furukombe alikuwa amekaa juu ya mti mkavu na samaki kuchani. Wageni wakanyanyua kamera. Bonge moja likapita karibu, furukombe akaruka akaenda zake.

Yule bibi akashusha darubini. Hakukasirika, hakuwa mtu wa kukasirika. Aliniuliza tu huyo anayepiga kelele ni nani.

"Ni mama yangu," nikasema. Lilitoka lenyewe.

Uso wake ukang'aa. Akanishika bega.

"Basi ni rahisi," akasema. "Mwombe anyamaze kidogo. Wewe ni mwanawe, atakusikiliza."