Nilivyotafuta bass wa Julai Ruiru ili mke wangu asirudishwe kwao

Wakuu, heshima zenu popote mlipo.

Nimeona vijana wa hapa mkibishana wiki nzima kuhusu samaki huyu bass, mara chambo cha lure hii, mara fimbo ya rod ile. Mimi ni mzee, naandika kwa kidole kimoja, lakini bass nimemvua kabla ya baba zenu wengine kuzaliwa. Nitasimulia ilivyokuwa, na sitaongeza hata gamba moja.

Ilikuwa Ruiru, miaka ya hamsini ikielekea mwisho, kwenye shamba la kahawa la mzungu. Mimi ni Msamia, mtu wa kando ya ziwa. Kazi yangu ilikuwa kuangalia pampu ya maji kwenye dam, bwawa la shamba. Humo ndani mzungu alikuwa ameweka bass wa kujifurahisha nao. Meneja aliniruhusu kuvua Jumapili, bora ning'oe magugu yaliyokuwa yakiziba pampu.

Nilikuwa nimeoa juzi tu. Mke wangu aliitwa Nabwire. Alifika mwezi wa pili, nikamwonyesha chumba chetu kwenye laini za wafanyakazi, na kitu cha kwanza akaniuliza samaki wanauzwa wapi.

Hawakuwa wakiuzwa. Majirani zetu karibu wote walikuwa Wakikuyu, na enzi hizo Mkikuyu hakugusa samaki. Kwake samaki na nyoka walikuwa ndugu. Kwa hivyo tulikula posho na maharagwe, kesho yake maharagwe na posho.

Nabwire alikuwa mtu wa kucheka, tena kwa sauti. Ndani ya mwezi mmoja kicheko kikaisha na nguo zikaanza kumpwaya. Akamtuma mtu wa kwetu aliyekuwa akienda likizo amwambie kaka yake, Wandera, aje amchukue. Hakunificha. Aliniambia siku hiyo hiyo, akichambua maharagwe, kwamba hanichukii, ila hapa hatamaliza mwaka.

Wakuu, niliumia. Kwetu, kaka akija akamkuta dada yake amekonda, haulizi mengi. Wanabeba mzigo wanaenda, na wewe unabaki kutazama mlango.

Basi nikawa na kazi moja tu, kumlisha samaki kabla Wandera hajafika.

Mwanzo nilishindwa. Kilikuwa kiangazi, maji yamepungua na yametulia, na bass akiona kivuli chako ameshapotea. Nilitupa minyoo saa nne asubuhi kama tulivyofanya na ngege, samaki wa ziwani kwetu, nikapata visamaki vya ukubwa wa kidole. Sasa najua kwamba kiangazi unaenda alfajiri, unachuchumaa, na unatupa mahali majani yameweka kivuli.

Mwezi wa nne mvua ikaanguka. Dam ikajaa, ikafunika nyasi za ukingoni, maji yakawa rangi ya chai. Siku moja nikaona bass akimmeza chura papo hapo kwenye nyasi, na hapo ndipo nikapata akili. Nikaanza kukusanya vyura wadogo kwenye mkebe. Unamtunga chura mdomoni, unamtupa pale nyasi zimezama, unamvuta polepole. Bass wa mvua hana adabu, anapiga kama umemtukana. Jumapili hiyo nilibeba watatu.

By the way, maji yakiwa na joto utaona dume amesimama mahali pa kina kifupi, hatoki hata ukimtisha. Analinda watoto wake. Huyo ni rahisi sana kumtoa, lakini muache. Nabwire aliniambia nikimleta huyo hatampika.

Sasa sikieni kioja. Jirani yetu Mama Njoki aliniona na ule mkebe, akachungulia ndani, akaona vyura wanarukaruka. Hakuuliza kitu. Mchana nikaenda zangu dam, na jioni laini nzima ilijua kwamba yule mtu wa pampu anampikia mke wake vyura, na ndiyo sababu amekonda. Mama Njoki alikuja mwenyewe na bakuli la irio, viazi na mahindi ya kuponda, chini ya leso, akamvuta Nabwire kando, akamwambia kwa huruma kabisa, "Kula hii, mwanangu. Usikubari kulishwa vyura, hata kama ni bwana yako."

Nabwire alicheka mpaka akakaa chini. Nilikuwa nje na nilisikia. Sijawahi kufurahia kusingiziwa kama siku ile.

Kuanzia hapo alikula, irio za Mama Njoki na samaki wangu. Mashavu yakarudi. Nikadhani nimeshinda.

Halafu Juni ikafika na ile baridi yenu ya huku, ukungu mpaka saa sita na jua la kuazima. Bass wakapotea wote. Chura hawamtaki, mnyoo hawamtaki. Nabwire naye akajifunga blanketi, akanyamaza tena. Katikati ya hali hiyo tukapata habari kwamba Wandera atafika Jumapili ya mwisho ya Julai.

Jumapili tatu nilitoka mikono mitupu. Ile ya mwisho ya Julai, Wandera akiwa njiani, nilimwambia mke wangu ukweli, kwamba mgeni atakula maharagwe na mimi sina la kujitetea.

Akachukua blanketi lake akanifuata dam. Alitazama nilivyokuwa nikitupa kwenye nyasi zilezile za mvua, kisha akaniambia, "Huyo samaki wako anasikia baridi kama mimi. Unajua mimi hukaa wapi mchana?"

Sikujua. Miezi mitano ya ndoa, na sikujua.

"Nyuma ya laini, penye ukuta wa mawe. Jua likitoka saa nane, mawe yanashika joto, nakaa hapo sisogei. Mtafute mahali kama hapo."

Ukuta wa dam ulikuwa wa mawe, na upande mmoja ulipata jua la mchana. Nikafunga nati ya pampu kwenye mshipi uwe mzito, nikaweka mnyoo mnene, nikashusha chini kabisa kando ya mawe. Mkono ukaniwasha kuvuta. Nabwire akaninyang'anya mshipi. Alisema aliyejikunyata kwa baridi hafukuzi chakula, anasubiri kimfikie. Akakaa nao, hatikisi.

Tulikaa muda mrefu. Bass wa baridi hapigi, wakuu. Mshipi unakuwa mzito tu, kama umeshika magugu, na kumbe Jumapili zote zile nilikuwa nikiung'oa kwa hasira nikijua ni magugu. Yeye aliuinua taratibu, na samaki akaja, mnene, karibu urefu wa mkono wangu mpaka kiwiko.

Wandera alifika jioni. Alikula huku akimtazama dada yake mikono na shingo. Alipomaliza akanawa, akamwambia, "Nabwire, nimekuja ulivyoniita. Funga mzigo, kesho tunaondoka."

Mimi nilikuwa naangalia sakafu.

Nabwire akakusanya sahani. Akasema, "Mwambie mama, mvua ya mwaka ujao aje yeye. Hapo samaki wanakuja ukingoni wenyewe, na nataka anione nikiwavua."

Tuliishi pamoja miaka hamsini na zaidi. Amepumzika sasa, na ninamkosa kila siku, sioni haya kusema.

Nilichojifunza ni hiki. Nilikuwa nimechunguza samaki wa kila season, nikijua wanalala wapi na wanakula nini, na mtu niliyekuwa nikimvulia sikuwa nimemuuliza mchana wake anaushinda wapi.

Karibuni kwa comments. Mnaovua dams za upande wa Ruiru na Thika, Julai mnatupa wapi? Na walio na wake nyumbani, jibuni lile swali lingine kwanza.