Kibao cha Mbwa Mkali

Mwezi uliopita nilipita Kalobeyei kumsalimia rafiki yangu mwenye duka, nikamkuta fundi Mkongomani amechuchumaa mlangoni akichora jina la duka kwenye bati. Pembeni yake palikuwa na mkebe wa rangi nyekundu, na chupa ya soda yenye mafuta taa ya kuoshea brashi. Harufu ile ilinipanda puani, na kabla sijajua ninachofanya nilikuwa nimeinyakua chupa na kuiweka juu ya kabati la duka. "Dada, kuko nini?" fundi akauliza. Nikamwambia hakuna kitu. Hapakuwa hata na mtoto karibu. Lakini chupa sikuirudisha chini, na kwa kuwa yeye sikumweleza, acha nikueleze wewe.

Tulikuwa tukiishi Lodwar, kwenye nyumba ya mabati yenye ua wa matawi ya mathenge, ule mti wa miiba, na geti ambalo baba alilinunua kuukuu. Baba alikuwa mtunza stoo Kakuma na alirudi nyumbani kila baada ya wiki mbili. Mama alikuwa akipika chapati kwenye hoteli moja mjini, akitoka kabla jua halijachomoza. Mimi Akai nilikuwa na miaka tisa, na likizo ilipofika kazi yangu ilikuwa moja, kumlea mdogo wangu Ewoi, ambaye alikuwa bado hajatimiza miaka miwili na tayari alikuwa akitia kila kitu mdomoni.

Likizo ya kwanza tu, mwizi akatubebea sufuria mbili na betri ya sola. Baba aliporudi alikuja na kipande cha bati na rangi nyekundu. Huko Kakuma alikuwa ameona vibao kwenye mageti ya wakubwa, na akapenda jinsi watu wanavyosita mbele yavyo. Akaandika MBWA MKALI kwa herufi kubwa, kisha akajaribu kuchora kichwa cha mbwa chini yake. Kilitoka kichwa cha mbuzi aliyekasirika. Mama alicheka mpaka akakaa chini.

Mbwa mwenyewe hatukuwa naye. Mbwa anakula, na sisi wenyewe tulikuwa tunapimiana. Baba alitusimamisha mimi na mama mbele ya kibao akasema, "Fimbo ya mbali haiui nyoka. Mimi niko Kakuma, hiki kibao ndicho fimbo yenu. Mtu yeyote asijue. Hata jirani." Mama alitazama kwanza nyumba za majirani, kisha akaitikia kwa kichwa.

Sasa ujue jambo moja kuhusu kwetu. Kwetu kuombana ni namna ya kusalimiana. Jirani anaingia bila shughuli, anaketi, anaomba chumvi, anaomba maji, anaomba hata shuka uliyojifunga, na wewe kesho unaenda kwake kuomba yako. Asiyekuomba kitu ana kinyongo nawe. Kabla ya kibao, Mama Asha mwenye kiosk cha ng'ambo ya barabara alikuwa akiingia mara tatu kwa siku kuchukua chekeche letu, na Mwalimu Lokwang, jirani wa upande wa pili, alikuwa akijaza mtungi kwenye mfereji wetu huku akinidodosa hesabu. Baada ya kibao, uwanja ulinyamaza. Mwalimu akawa anasimama nje akiita, "Mmefunga mbwa?" Mama Asha akanunua chekeche lake. "Siku hizi nyinyi ni watu wa geti," alimwambia mama barabarani, kwa sauti ya kusikika na wapitao, na mama akarudi nyumbani akagombana na moto.

Na mimi, badala ya kuona aibu, niliufurahia uongo. Nilimpa mbwa jina, Simba. Nilisema mchana analala nyuma ya stoo yetu pale uwanjani na hapendi kuamshwa. Nilimwambia Mwalimu kwamba Simba amemng'ata mtu wa kusoma mita ya maji. Siku moja Mwalimu aliposimama na mtungi wake mtupu, nikazunguka nyuma ya stoo nikabweka. Nilibweka vizuri sana. Nilichungulia nikamwona mtu mzima, aliyenifundisha kuzidisha, akirudi nyuma kinyumenyume na mtungi kifuani. Nilicheka. Lakini tangu hapo sikuweza kukaa. Kila mtu akipita getini nilisimama, nikaketi, nikasimama tena, nikihofia kuulizwa swali ambalo sikuwa nimeliandalia jibu.

Mtu mmoja tu aliendelea kuingia, Ata Nakiru. Ata ni bibi kwa Kiturkana, ingawa hakuwa bibi yetu kwa damu. Alikuwa mama mzee aliyesuka vikapu vya makuti ya mkoma akiishi peke yake nyumba ya nne kutoka yetu. Kila siku, jua likianza kuuma, alikuwa akisalimu getini, "Ejoka!" na kusubiri. Nikijibu, "Ejok-noi, Ata," fimbo yake ilitangulia kuingia, kisha yeye. Nilijua hajui kusoma, na nilidhani ile picha aliiona kama tangazo la mbuzi wa kuuza. Mama Asha alikuwa akisema, "Huyo hajui kusoma. Siku moja mbwa atamsomea."

Ata alikuwa na vituko vyake. Aliketi pale pale ndani ya geti, mgongo kwenye nguzo, fimbo juu ya mapaja, akisuka. Nilimkaribisha kivulini karibu na jiko, huko nyuma, akakataa. Nilimwambia maji ya mfereji ni ya baridi, akasema ameshakunywa. Macho yake hayakukaa kwenye kikapu. Yalikuwa yakienda kwenye kona ya stoo na kurudi. Na kila siku alitoa mfupa chini ya shuka yake akautupa kuelekea kona hiyo. Mama hakupenda uchafu uwanjani, kwa hiyo kila jioni niliuokota ule mfupa nikaurusha nje ya ua, nikilalamika kwamba wazee hawa wanageuza uwanja wa watu kuwa jalala. Alikuwa akikaa mpaka Ewoi aamke usingizi wa mchana, amtazame vizuri, aondoke.

Miezi ilipita, jua likafifisha herufi. Jumamosi moja ya likizo nyingine baba akarudi na kuzipaka rangi upya. Akaosha brashi kwa mafuta taa ndani ya chupa ya soda, akaiacha kwenye kijukwaa cha vyombo nyuma ya stoo, na Jumapili akapanda lori kurudi Kakuma. Jumatatu asubuhi, Ata akiwa bado hajafika, nilikuwa pale nyuma nikisugua sufuria, nikasikia Ewoi anakohoa. Nilipogeuka alikuwa ameketi mchangani na chupa katikati ya miguu. Nilimwinua. Mdomo wake ulinuka kibao chetu.

Alikohoa, akakohoa tena, kisha pumzi ikaanza kutoka na sauti ya kukwaruza. Midomo ilikuwa inabadilika rangi. Badala ya kumkimbiza nje, niliketi naye pale pale chini na kupiga kelele.

Majirani walikuja, hilo siwezi kuwanyima. Nilisikia miguu ikikimbia mpaka getini, kisha ikasimama.

"Akai! Shika mbwa!" Mwalimu aliita. "Funga mbwa kwanza!"

"Hakuna mbwa!" nikalia. "Ewoi amekunywa mafuta! Hakuna mbwa!"

"Wacha kudanganya, mtoto! Mimi mwenyewe nimesikia akibweka!"

"Mshike shingo!" Mama Asha naye akapaza sauti. "Fungia yeye kwa stoo, sisi tunaingia!"

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu iliishia hapo, hatua thelathini kutoka getini, na mdogo wangu akizidi kuwa mzito mikononi.

Kisha nikasikia geti likilia. Nikasikia fimbo ikigonga chini, tap, tap, ikija kando ya ukuta wa stoo. Ata Nakiru akatokea konani, fimbo ameiinua juu kwa mkono mmoja, mkono mwingine ameunyoosha mbele akishika mfupa. Uso wake ulikuwa umelowa jasho. Akatazama kushoto, akatazama kulia.

"Mbwa iko wapi?"

"Hakuna, Ata."

Alinitazama, nadhani kwa muda wa pumzi moja tu. Akaangusha fimbo, akaangusha mfupa, akamnyakua Ewoi na kukimbia naye. Sijawahi kumwona tena akikimbia. Majirani walipomwona ametoka mzima, wote wakapata miguu. Mwalimu akasimamisha bodaboda, Mama Asha akapanda nyuma kumshikilia Ata, wakaenda hospitali. Nilibaki na geti wazi.

Ewoi alilala hospitali siku nne, akarudi na kikohozi kilichomganda mpaka mvua. Nesi alimwambia mama kwamba wangechelewa kidogo zaidi, angekuwa anasema maneno mengine. Baba alifika, akang'oa kibao, akaziba nacho tundu la banda la kuku, maandishi yakitazama ndani. Mtaa mzima ukamwita Baba Simba. Mwalimu alirudi na mtungi wake, na kabla ya kuingia akabweka mara moja getini. Watu walicheka. Mimi nilikimbilia ndani nikajifunika shuka, nikalia.

Miaka mingi baadaye, nikiwa chuoni, nilirudi likizo na kumpelekea Ata tumbaku. Alikuwa amezeeka sana, lakini vidole bado vilikuwa vinasuka. Ewoi, wakati huo ameshaota vindevu, alikuwa amemchotea maji. Nikataka kumtania. Nikamwambia, "Ata, bahati yetu hukujua kusoma."

Alicheka. Kisha akaweka kikapu chini, akapandisha shuka na kunionyesha muundi wake. Nyama ilikosekana pale, shimo la kuingia ngumi ya mtoto. Mbwa wa watu alimng'ata akiwa msichana, akichunga mbuzi upande wa Lokiriama.

"Kusoma sijui," akasema, "lakini maskio iko. Mwalimu alinisomea siku ile ile baba yako aliweka. Nilirudi kwangu, sikulala."

Niliweka ile tumbaku mapajani mwake.

"Sasa mbona ulikuja? Kila siku?"

"Mama yako aliniambia, Ata, chungulia watoto." Akatazama nje, kwenye njia inayoenda kwetu. "Mbwa ni mkali, na watoto wako ndani peke yao. Mimi nikae nje nifanye nini?"

Nikamuuliza kuhusu mifupa, ingawa nilikuwa nimeshaelewa na nilikuwa naogopa jibu. Akasema alikuwa akiomba kwa mchinjaji kila asubuhi, ili mbwa azoee harufu yake. Siku ambazo hakuwa na chakula, chungu kilikuwa kitupu, lakini mfupa hakuuchemsha, kwa sababu mbwa hapendi mfupa uliochemshwa. "Na alikuwa anakula yote," akasema. "Kila siku nikikuja, mfupa ya jana haiko. Nikasema, vizuri, ananijua." Halafu akakunja uso, kama mtu aliyekumbuka deni la zamani. "Lakini siku ile nimeona hakuna mbwa. Mifupa nani alikuwa anakula?"

"Ni mimi, Ata. Nilikuwa naitupa nje."

Akacheka mpaka machozi yakamtoka, akanipiga goti kwa kiganja. Mimi sikuweza. Nilikuwa nikifikiria asubuhi zote zile, fimbo ikitangulia getini, na mimi nikijibu salamu yake huku nikijua. Mama alimwachia watoto wake wawili awalinde, na hakuna hata mmoja wetu aliyemnong'oneza kwamba mbwa hayupo.