Ubao wa Viatu wa Ziwa Jipe

Shombo la samaki wa bahari halinisumbui. Nimezaliwa Kibokoni, Mji wa Kale, na huku mtoto huzoea shombo kabla hajaota meno. Lakini juzi asubuhi alipita muuzaji na beseni la ngege, samaki wa ziwa, akalitua mbele ya baraza yetu, na harufu ya tope ikanipanda puani. Si tope la kuoza. Ni harufu ya maji yaliyolala juu ya majani, harufu ambayo bahari haina. Nikainama, nikahesabu samaki, nikarudia. Yeye alisema kumi na wanne, mimi nikasema kumi na watatu, na huyo wa kumi na nne jicho lake limekufa kabla yake. Tukavutana kwa adabu mpaka bei ikafika pale nilipoitaka. Hapo nikamshukuru, nikaingia ndani bila kununua, na naamini bado ananilaani.

Sikununua kwa sababu ya Mjomba Athumani. Nawaeleza nyinyi kwa kuwa hamnijui. Watu wa nyumbani sijawaeleza.

Mjomba Athumani alikuwa kitinda mimba wa bibi yangu, ndugu wa mamangu, mvuvi wa Liwatoni. Alikuwa mrefu, mcheshi, mwenye maringo ya kutosha watu watatu. Mwaka niliotimiza miaka tisa chombo chake kilikuwa nchi kavu kikizibwa nyufa kwa kalafati, naye hakuwa mtu wa kukaa barazani. Skuli zilipofungwa akanichukua tukaenda Taveta kwa Khalati Rukia, dada yao, aliyeolewa na mvuvi wa Ziwa Jipe. Mumewe tukimwita Baba Saidi, kwa jina la mwanawe. Alikuwa mtu mfupi, mpole, mwenye maneno machache, na hayo machache aliyapima kama mtu auzaye zafarani.

Siku ya kwanza Mjomba alisimama ufuoni, akalitazama ziwa kutoka mwisho mmoja hadi wa pili, akasema, "Shemeji, hili si ziwa. Hili karai la kuogea."

"Karibu uoge," akajibu Baba Saidi.

Wavuvi waliokuwa wakikung'uta nyavu wakacheka. Mmoja akauliza kama ni kweli watu wa Mombasa wakinywa maji yasiyo na chumvi huumwa na tumbo. Mjomba naye akacheka. Alipenda kutaniwa, maana alijua atarudisha.

Nilijifunza mengi zile siku nne za kwanza, na nitayasema, kwani ndiyo elimu pekee niliyoipata bure maishani. Kabla ya kusukuma mtumbwi unagonga ubavu wake kwa kasia, kisha unasikiliza. Kiboko akiwa karibu atapumua, nawe utaahirisha safari. Ngege hataki ndoana kubwa kama samaki changu wa kwetu. Mdomo wake ni mdogo, mtegee ndoana ndogo na mnyoo, au donge la unga wa mahindi lililokandwa na pumba, na akigusa usivute kwa hamaki. Wavu unatandazwa jioni kando ya mafunjo, yale matete ya ziwani, na kuinuliwa alfajiri, na jua likiwakuta samaki wavuni umekula hasara. Kambare mshike kwa gunia lililoloa, kwa sababu ana miiba miwili ya mapezi na hasamehe. Na jikoni, Khalati alikuwa akimsugua ngege kwa chumvi na ndimu, akamwacha saa nzima, ndipo tope limtoke. Mimi nilikula na sikulalamika. Mjomba alikula wanne na akalalamika kwa kila mmoja.

Jambo jingine Baba Saidi alilisema mara nyingi, akimtazama Mjomba. Mafunjo ya Jipe yanaelea. Yamejishika yenyewe kwa yenyewe kama jamvi, upepo wa alasiri ukiyasukuma huhama, na njia uliyoingilia asubuhi jioni haipo. "Alama yako iwe mlima," alisema. "Mlima hauhami." Mjomba akaitikia kwa kichwa, vile mtu aitikiavyo hotuba ya Ijumaa aliyokwisha kuisikia. Kwao baharini alama ilikuwa mnara wa msikiti na mnazi fulani, ukiviona vimelingana unajua uko juu ya mwamba gani. Yeye aliona funjo refu ni sawa na mnazi. Alilifunga kitambaa chekundu liwe alama yake.

Sasa ubao. Pale walipotia mitumbwi palikuwa na ubao mpana umelazwa juu ya mawe mawili. Kila aingiaye ziwani aliacha viatu vyake hapo, ncha zikielekea majini, na akirudi alivivaa. Kabla ya Magharibi mtoto mmoja alikwenda kuhesabu. Ubao ukiwa mtupu, watu wote wamerudi. Vikibaki viatu, anapiga mbio kusema, dumu linagongwa, na mitumbwi inatoka kumtafuta mwenyewe kabla jua halijazama. Hakuna aliyekumbuka nani aliyeianzisha desturi ile. Binamu yangu Saidi ndiye aliyekuwa na zamu, na siku ya tano akaamka na homa. Nikaiomba mimi ile kazi. Nilibembeleza mpaka nikapewa.

"Utahesabu mara mbili," alisema Baba Saidi.

"Mara mbili," nikasema.

Yeye mwenyewe siku ile alikuwa anakwenda sokoni Taveta. Mjomba akasema atachukua mtumbwi wa shemeji yake, atoke peke yake, baada ya Adhuhuri, aende akavue kambare wa kutuaibisha sote. Nilimfuata mpaka ufuoni. Alikuwa amevaa makubadhi mapya ya ngozi, aliyopewa na Bibi kwa Idi, na alipoufikia ubao akasimama. Palikuwa na ndara sita au saba za plastiki, kuukuu, moja imeshonwa kwa waya.

Ni lazima niwaeleze jambo. Mtu wa Mji wa Kale akienda msikitini na kiatu kipya, hukiingiza ndani kwenye mfuko akakiweka mbele ya macho yake, akasujudu nacho. Hatuna dhana mbaya na Waislamu wenzetu. Ni kwamba kiatu kizuri kikiachwa mlangoni hupata miguu mingine. Haya tunayajua kabla ya Alifu.

Mjomba alivua makubadhi, akayapangusa vumbi kwa kiganja, akanipa.

"N'shikie hivi, Zuena. Uvifiche vizuri. Hawa nawaona wanavitazama."

"Wewe huviweki ubaoni?"

"Niviweke viibiwe, nirudi Mombasa miguu mitupu? Wewe hesabu vya wenyewe."

Nikaona fahari. Kuaminiwa viatu vipya na Mjomba Athumani ilikuwa daraja. Nikakimbia navyo nyumbani, nikavitia ndani ya kanga yangu, kanga nikaitia uvunguni nyuma ya pipa la mahindi. Wezi wa Mombasa nzima wasingeviona.

Upepo ulivuma alasiri ile. Nakumbuka kwa sababu nilikuwa nimeanika nguo za Saidi, nikazifukuza mbili.

Kabla ya Magharibi nikashuka. Ubao ulikuwa mtupu. Niliutazama, nikauzunguka upande wa pili, hapakuwa na kitu. Baba Saidi akawa anateremka kutoka sokoni na gunia begani.

"Vimechukuliwa vyote?" akaniuliza.

"Vyote."

"Umehesabu mara mbili?"

Nikasema ndiyo. Ulikuwa uongo, lakini uongo wa mtoto mwenye hoja: ubao mtupu nitauhesabuje mara mbili?

Mtaniuliza, na mwenyewe sikuona kwamba Mjomba hayupo? Sikuona. Kila siku akirudi ziwani alipitiliza kwenye kibanda cha chai kusimulia bahari, akaja nyumbani sisi watoto tumeshalala. Khalati alimwekea chakula akakifunika. Palipokucha kilikuwa bado kimefunikwa.

Khalati aliuliza nyumba nzima. Nilipomsikia akimwambia mumewe, "Lakini ubao ulikuwa mtupu," niliinuka. Nikaenda uvunguni. Niliyatoa yale makubadhi kwenye kanga na kuyapeleka uani, nikampa Baba Saidi, kwa sababu ndiye aliyesimama karibu na mlango. Aliyapokea. Akayageuza nyayo, zilikuwa safi. Akayatia kifuani ndani ya shati akafunga vifungo.

"Umemwambia nani?"

"Hakuna."

"Nenda kakae na Saidi."

Dumu likagongwa. Wanaume walitoka na mitumbwi kumi na moja. Hesabu hiyo niliifanya mara mbili, dirishani.

Kitambaa chekundu walikiona mapema, kwenye funjo lake, katikati ya maji, mbali na mahali alipokifunga. Mtumbwi waliupata Adhuhuri umebanwa ndani ya mafunjo. Mjomba walimpata siku ya pili. Yeye aliyeogelea Kilindini toka utotoni hakujua, mpaka akayajua, kwamba maji matamu hayambebi mtu kama ya chumvi. Watu wazima walinong'ona, nami nilikuwa na masikio. Viganja vyake vilikuwa vimechanika kwa kuvuta mafunjo. Na mzee mmoja wa upande wa pili, mlinzi wa shamba, alisema alisikia mtu akiita, tangu Magharibi mpaka Isha imepita, akadhani ni wenziwe wanafukuza viboko.

Mpaka Isha imepita. Hiyo nayo nimeihesabu zaidi ya mara mbili.

Tulimrudisha Mombasa kwa lori la kukodi, akazikwa siku ile ile. Matanga yakakaliwa kwetu. Baba Saidi alipoingia kumpa Bibi mkono wa pole, Bibi hakuutoa wake.

"Niliambiwa kwenu kuna desturi ya kuhesabu," akasema. "Nani alohesabu?"

Nilikuwa nimeketi kwenye jamvi, mgongo umegusa goti la mamangu. 

"Ni mimi, mama," akasema Baba Saidi. "Nilikosa."

"Basi kakosee kwenu."

 Aliinuka, akatoka kinyumenyume kwa heshima, na tangu siku hiyo hakukanyaga nyumba yetu. Khalati akija Idi alikuja peke yake, na Bibi alimpakulia chakula bila kumuuliza mumewe hajambo. Nami nilinyamaza. Nilikuwa na miaka tisa, nikaona nimepata nafuu kubwa kwa bei ya kukaa kimya. Nilimhesabu Baba Saidi kuwa mtu mzima aliyejichanganya: akasema ni yeye, basi labda ni yeye.

Bibi alifariki nikiwa na miaka ishirini na sita, nina duka langu na ulimi unaoogopwa mpaka sokoni Marikiti. Khalati alikuja kumzika mamake, na safari hii mumewe alimfuata. Hakuingia. Alisimama ng'ambo ya kichochoro, kwenye kivuli cha duka lililofungwa, kofia mkononi, tangu asubuhi. Wanaume walipita mbele yake kuja kuketi majamvini. Waliompa salamu walikuwa wachache. Khalati akanipa kikombe cha kahawa nimpelekee.

Alikuwa amezeeka. Nikamwamkia, akaitikia, akapokea kahawa.

"Baba Saidi," nikasema, "zile hesabu."

Alikunywa kidogo. "Nilikuuliza habari ya viatu," akasema. "Sikukuuliza habari ya mtu. Ningekuuliza, mjomba wako yuko wapi, ungenijibu, na bado palikuwa na mwanga. Kwa hiyo sikumwambia Bibi uongo."

Nilijihisi mwepesi. Mnajua mnunuzi anavyojihisi muuzaji akiteremka bei kabla hajaombwa: huuliza tena? Huchukua akaondoka. Nikamwambia, "Mungu akujaze kheri."  Alikuwa akiutazama mlango wetu, ulio wazi, na mamangu ameketi ndani pale pale anapoonekana, hatua kumi, nami nimesimama katikati. Akanywa kahawa ile polepole sana, kikombe kidogo kile ambacho watu hukimaliza kwa mafunda mawili.

Ilinichukua miaka kuelewa kwamba alikuwa akinisubiri niingie niyaseme. Alikwisha kujitwalia fungu lake la kosa, akaniachia langu jepesi kabisa, la kubebwa na mwanamke mzima kwa hatua kumi. Kimya cha mtoto wa miaka tisa hata yeye hakukidai. Kile cha siku ile hakikuwa cha mtoto.

Khalati ndiye aliyetuletea habari ya kufa kwake, mwaka uliofuata. Alizikwa Taveta. Kwetu hakwenda mtu.

Siku ile pale kichochoroni, alipomaliza kahawa aliniuliza kama nataka kikombe changu. Nikakipokea, nikaingia ndani.