Vichwa vya Mpopi vya Shangazi Mwanaidi

Nilikuwa na miaka tisa, na tayari nilikuwa na mtu niliyemchukia kutoka moyoni: Shangazi Mwanaidi, dada yake baba. Tulikaa kwake, mtaa wa Albert Park, ghorofa ya nane. Mama alishinda kiwandani Jacobs, na shangazi alilea vitoto vya kina mama wa Kikongo waliosuka nywele mjini. Vitoto vyake vilisifika kwa utulivu. Watu walisema ana mkono wa baraka, naye akazipokea sifa hizo bila haya.

Ukutani alitundika kamba ya vichwa vikavu vya maua ya mpopi, ambavyo marehemu mumewe, baharia, alivileta kutoka bandari moja ya Uturuki. Ukikitikisa kimoja, mbegu zililia ndani kama kayamba. Hadithi yake tuliijua yote. Waturuki wa kale, enzi za masultani, waliuheshimu mmea ule: mbegu walizinyunyiza juu ya mikate na kuzikamua mafuta, na maganda matabibu wao waliyachemsha kuwatuliza wenye maumivu na watoto wasiolala. Kwa hiyo shangazi alitikisa kichwa kimoja mara tatu juu ya mtoto anayelia, akampa chupa yake, na mtoto akalala fofofo.

Sharti lilikuwa moja, na alitutisha nalo kila siku: usimtikisie mtoto ambaye keshalala. Usingizi utapanda juu ya usingizi, hataamka.

Siku hiyo alinizaba kofi kwa sababu nilimwaga maji ya kahawia yaliyokuwa kwenye sufuria ndogo jikoni. Mimi nilidhani ni chai iliyolala. Alinitukana mpaka akamwingiza na mama yangu, kisha akachemsha mengine, mazito zaidi, akayachanganya kwenye chupa ya maziwa. Alipokwenda kusali adhuhuri, nilitungua kichwa cha mpopi, nikasimama juu ya Yosua, kitoto cha miezi minane kilichokuwa kimeshanyweshwa chupa ile na kulala, nikamtikisia mara tatu. Sikuwa na ugomvi na Yosua. Nilitaka shangazi aumbuke.

Baadaye Yosua alijinyoosha kidogo tu, hata hakulia, na shangazi akampa chupa ya pili.

Saa kumi na moja Mama Yosua alikuja kumchukua mwanawe. Alimwita, akamnyanyua, shingo ikalegea. Midomo ilikuwa imebadilika rangi.

“Mutoto yangu iko na nini?” aliuliza, taratibu kabisa. “Juu ya nini haamuke?”

Walimkimbiza hospitali. Shangazi aliulizwa mtoto alikunywa nini, akasema maziwa tu. Usiku ule nilishindwa kuvumilia, nikamweleza huku nalia kwamba nilimtikisia Yosua. Alinitazama, nikaona uso wake unatulia. Nilidhani amenisamehe.

Yosua alipona, akarudi nyumbani siku ya nne. Mama yake alipokuja kudai maelezo, majirani wamejaa koridoni, shangazi alininyooshea kidole.

“Muulizeni Zuhura. Yeye ndiye aliyemtikisia.”

Tangu siku hiyo Mama Yosua hakuitikia salamu yangu. Watoto wa ghorofa yetu walinikimbia. Mama yangu mwenyewe alinikataza kusogelea mtoto aliyelala, na niliona aibu hata kumwuliza kama ananiogopa.

Nilikuja kujua ukweli nikisomea uuguzi. Yale maji ya kahawia yalikuwa ya maganda ya mpopi, yenye afyuni, na afyuni ikizidi mtoto anasahau kupumua. Waturuki wale walilijua hilo, ndiyo maana matabibu wao walipima. Na lile sharti la kutomtikisia aliyelala, sasa naamini lilikuwa onyo la watu waliowahi kuzika: usimwongezee mtoto ambaye dawa imeshamkamata. Baharia alilileta onyo pamoja na mmea. Shangazi alilijua, akalivunja mwenyewe kwa chupa ya pili, halafu akamwachia mtoto wa miaka tisa abebe mzigo wake. Sijamsamehe, na sioni haja ya kujifanya.

Mwaka nilipojifungua alikuja kunipongeza, amezeeka. Binti yangu alikuwa analia kwa nguvu zake zote. Shangazi akanyoosha mikono.

“Nipe nikulazie, mwanangu.”

Nilimkumbatia mtoto kifuani, nikasogea mbali na shangazi.

“Mwache alie, shangazi,” nikamwambia. “Akilia namsikia.”