Dada anayevivizia vijidudu vya kifua kikuu

Nje kumekucha vizuri, lakini chumba anachoingia hakina dirisha. Anavaa gauni la kufungia mgongoni, barakoa nzito, glavu juu ya glavu, kisha anaketi mbele ya kabati la kioo linalovuta hewa kwa mvumo wa chini chini. Mkononi ana visahani viwili vya plastiki. Ndani yake mna vijidudu vya kifua kikuu.

"Hawa ni wavivu kukua," anasema fundi huyu wa maabara, ambaye yuko kazini mwaka wa tisa sasa. "Unawapanda leo, unasubiri wiki kadhaa. Mwenye pupa kazi hii haimfai."

Mtaani kwake watoto humwita Mama Vijidudu, naye hucheka tu. Lakini kuna kipindi jina hilo lilimchoma.

Mdogo wake wa kiume, mchomeleaji wa mageti, alianza kukohoa. Akakonda, mashati yakampwaya. Vipimo vikaonyesha kifua kikuu. Mama yao, ambaye wote wawili wanaishi naye, alimgeukia binti yake.

"Umetuletea wadudu wako nyumbani."

"Nilikwenda kupimwa, nikaonekana sina," anakumbuka. "Nikamwonyesha majibu, akaangalia pembeni."

Baadaye ilijulikana kuwa mwenzake kijana huyo pale karakana, aliyebanana naye chumba kimoja siku zote, alikuwa akikohoa kwa muda mrefu. Mama hakulizungumza tena.

Mdogo wake akaanza dawa, mwili ukarudi, akarejea kazini. Ndipo dada, akimtandikia kitanda, alipokuta vidonge chini ya godoro.

"Dada, mimi nimepona," kijana alijitetea. "Mtu mzima nimeze vidonge mpaka lini?"

Akamkalisha chini, akamweleza anachokiona kila siku. Mwili hupambana na vijidudu kwa kuvimwagia kemikali kali, na baadhi ya kemikali hizo huharibu DNA, yaani maagizo ya urithi yanayokiendesha kila kiumbe. Kijidudu nacho hakikubali kufa kirahisi. Kina protini za kukagua maagizo hayo, kukata kipande kilichoharibika na kujaza kingine. Kikizidiwa, hujaza ovyo ovyo, na mara chache kosa hilo huzaa kijidudu kisichosikia dawa.

"Ukiunga geti mvua inakunyeshea, linakuwaje?" alimuuliza.

"Linasimama, ila limepinda."

"Basi hao waliobaki kifuani mwako ukiwapa nafasi, hujui ni yupi amejiunga hivyo hivyo akawa sugu."

Kijana akaomba maji, akameza vidonge.

Kliniki alikemewa, akapimwa upya. Bahati ilikuwa upande wake, dawa zilikuwa bado zinafanya kazi. Tangu hapo mama akawa anasimama mlangoni kila asubuhi, kikombe mkononi, mpaka mwanawe alipomaliza matibabu.

Na kwa binti? "Mama hakuniomba radhi. Ila siku moja nilimsikia akimwambia jirani anayekohoa, 'Kamuulize binti yangu, anawajua hao wadudu.' Nilijifungia bafuni nikalia."

Leo anainua visahani vyake kwenye mwanga. Vyote viwili vilimwagiwa kemikali moja, ya kuharibu DNA. Cha kwanza kina vijidudu vya kawaida, na kimejaa mabaka yenye makunyanzi, rangi ya maziwa. Cha pili kina vijidudu ambavyo watafiti wameviondolea uwezo wa kutengeneza mojawapo ya zile protini za ukarabati. Hiki ni karibu kitupu.

Maabara sasa inatafuta dawa ya kuufunga mikono ukarabati huo ndani ya mgonjwa, ili dawa zilizopo zimalize kazi mapema. Kemikali ya kwanza waliyoijaribu iliua vijidudu, lakini ikaua na seli za binadamu. Wakaitupa. Nyingine inaanza kupimwa Jumatatu, na yeye ndiye atakayepanda vijidudu vyake.

"Mkemia wetu huniambia, 'Dada, usitegemee dawa kesho.' Wala sitegemei kesho," anasema, akifunika visahani taratibu. "Ninachotaka ni mgonjwa amalize dawa kabla hajazichoka."