Kimto cha Kibodi ya Mwisho

Mume wangu alizoea kuwaambia wageni kwamba ana wake wawili: mimi, na kibodi zangu. Kisha huongeza kwamba yule wa pili ndiye mwenye kelele zaidi. Wageni walicheka kwa adabu huku macho yakizunguka sebuleni, maana kweli zilikuwa kila mahali. Zilikuwa juu ya kabati la vyombo, chini ya kochi, nyingine zimeegemezwa ukutani. Kibodi kuukuu za kompyuta, nzito, za rangi ya maziwa iliyogeuka manjano, zenye waya uliojikunjakunja na plagi za duara ambazo siku hizi hazina pa kuingia.

Nilikuwa mpiga chapa kabla sijawa karani wa ofisi moja kule Upper Hill. Ofisi ilipoleta kibodi mpya, bapa, zisizo na sauti, zile za zamani zilirundikwa kwenye korido zingoje gari la taka. Nikaomba moja. Mkubwa wangu akanitazama kwa huruma, akasema nichukue hata zote. Nilichukua mbili, ndizo nilizoweza kubeba, na hadi leo nasikitikia zilizobaki.

Basi ndio ugonjwa ukaniingia. Askari mmoja wa geti kule Lavington alinijua. Nyumba ikihamwa na vitu vikitupwa, alinipigia simu. Luthuli Avenue nako nilikuwa mwenyeji. Fundi mmoja wa kompyuta huko alikuwa akiniona tu anaanza kucheka.

"Sasa mathe, hizi unapelekanga wapi? Hii haiwezi ingia kwa mashine yoyote saa hii. Ni uzito ya bure."

Nilimwambia anipe huo uzito wa bure. Nikifika nyumbani nang'oa vitufe kimoja kimoja, naviloweka kwenye beseni la maji ya sabuni, navipanga juu ya taulo vikauke. Hakuna mwingine aliyeruhusiwa kugusa. Nina kisirani katika jambo hilo, wala sioni haya kusema.

Mume wangu alikuwa na kijiduka cha kanzu na kofia katikati ya mji, nasi tulikaa ghorofani juu yake. Wateja wakipungua alikaa nyuma ya meza akashona kofia kwa mkono, kama walivyoshona kwao Mombasa. Ugonjwa wangu hakuuelewa, ila aliona kwamba nikishinda nikizichapa kibodi zile, bila mashine, kwa ajili ya mlio wake tu, jioni nasugua mikono. Zimeinuka sana, na anayezichapia mikono yake huning'inia. Nilikuwa navyo vimto vya dukani vya kuegemezea mikono mbele ya kibodi, vya sponji na vingine vya majimaji, navyo nilivikusanya, lakini vilipasuka au vilinitoa jasho. Siku moja akaniletea kimto alichokishona mwenyewe, chembamba, kirefu sawasawa na kibodi, ndani mchele, nje kitambaa cheupe kilichobaki kwenye kanzu ya mtu.

"Mke wa pili naye hutandikiwa," akasema.

Tangu hapo kila kibodi iliyoingia nyumbani ilipata kimto chake.

Ya mwisho niliinunua Kitisuru, kwenye nyumba iliyokuwa ikiuza vitu vyake vyote nje kwenye nyasi. Nyeusi, kitu adimu kwa umri wake. Wiki ileile mume wangu akalazwa katika hospitali kubwa ya rufaa, na kibodi ile ikabaki bila kimto. Mimi nilikuwa nimeshaisahau. Yeye hakusahau. Akaniagiza nimletee kitambaa, uzi, sindano na mchele kidogo kwenye mfuko.

Alishona akiwa ameegemea mito ya hospitali. Mishono michache, kisha anapumzika, macho yamefumbwa, sindano mkononi. Nesi alikuta punje za mchele kwenye shuka, akatuuliza kama tunafungua hoteli. Mume wangu alicheka mpaka akakohoa. Nilijua hatainuka kitandani pale, naye alijua, na wote wawili tukazungumza habari za kimto.

Alikijaza, akaanza kukifunga mdomo, akafika nusu. Akaichomeka sindano kwenye kitambaa, uzi ukining'inia.

"Niachie hapo. Kesho nitamalizia."

Alifariki alfajiri.

Nilikirudisha kimto nyumbani vilevile, mdomo nusu wazi, sindano pale alipoichomeka. Nikakiweka mbele ya kibodi nyeusi. Sikutaka kingine chochote cha kumkumbukia. Kanzu zake walizigawa sadaka nami nikaona ni sawa. Nilitaka ile nusu tu, na ile sindano.

Nikakaa eda. Kwetu mjane akikaa eda wanawake wa jamaa huishika nyumba yake. Yeye hukaa ndani, haulizwi habari za sufuria wala ufagio. Wifi yangu, dada yake marehemu, alikuja kutoka Mombasa kunikalia. Hakuwahi kutoa chozi mbele yangu. Alipika, alifua, alipokea wageni, alipangusa hata pasipo na vumbi. Nami nililala chumbani, nikiusikia ufagio wake, nikishukuru.

Alasiri moja akaingia na sinia ya chai. Kando ya kikombe kulikuwa na kimto, cheupe, kimepigwa pasi.

"Wifi, nimekuta fukusi wanatembea mpaka kwenye kochi. Ule mchele nimeumwaga, nikakifua, nikatia mwingine safi. Na mdomo nimeufunga. Marehemu alikuwa hajamaliza."

Nilimchukia. Nasema wazi, kwa muda ule nilimchukia kuliko ugonjwa uliomwua mume wangu. Nikamuuliza sindano iko wapi.

"Nimeirudisha kwenye kopo la sindano, na zenzake."

Alisema hivyo kwa furaha ndogo, ya mtu aliyemfanyia ndugu yake kazi iliyomlemea. Nikashindwa kumpigia kelele. Nikakichukua kimto nikakipeleka dirishani. Nilijiambia kwamba nusu ya mdomo bado ni yake. Mradi niione, nitaridhika. Nikautafuta mshono wa mume wangu. Mishono ilikuwa midogo, imeinama upande mmoja, yote, toka mwanzo hadi mwisho. Yeye na wifi walifundishwa kushona na mama yao, kwenye baraza moja, na uzi alioutumia wifi ulikuwa wa kibiringo kilekile.

"Nionyeshe alipoishia," nikamwambia.

Akatabasamu, akavaa miwani, akakaa kitandani karibu nami. Alikuwa na hakika. Akapitisha kidole kwenye mshono taratibu, akasimama.

"Hapa," akasema. Kisha akasema, "La. Ngoja."

Akakigeuza, akaanza upya kutoka upande wa pili. Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya leso, akaivaa tena. Chai ilikuwa imeshapoa. Mwishowe akakilaza kimto mapajani, mikono yote miwili juu yake, na uso ukamvunjika.

"Siujui, wifi," akasema. "Siujui mkono wa ndugu yangu."